Kiti cha Nyuma cha Ile ya Bluu

Ubishi ulianza Jumatatu asubuhi, na kufika Jumatano ulikuwa umeshapoza birika zima la chai na kumfukuza mteja mmoja, aliyeona mafundi wanabishana kuliko wanavyofungua nati, akawasha pikipiki yake ikiwa na ugonjwa wake uleule akaondoka.

Mbele ya gereji zilikuwa zimesimama pikipiki mbili kubwa, za aina ile iliyotengenezwa kwa safari ndefu lakini haijakata tamaa na mbio: kioo cha kukinga upepo, masanduku ya mizigo ubavuni, injini inayonguruma kwa adabu, na kiti cha watu wawili. Ya bluu ilikuwa ya Baba Mkubwa, mwenye gereji, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na tatu iko mikononi mwake. Nyekundu ilikuwa ya Honi, shemeji yake, mdogo wa mkewe, Mama Mkubwa. Honi alipewa jina hilo kwa kuwa tangu utotoni alisikika kabla ya kuonekana.

“Shemeji, hiyo yako ni kabati lenye magurudumu,” alikuwa anasema. “Yangu ukiigusa tu, imeshafika.”

“Imefika wapi? Hospitali?”

“Popote unapotaka.”

“Mimi nataka kufika na dada yako akiwa bado yuko nyuma yangu.”

Hapo kicheko kilipungua, kwa kuwa ndilo lililokuwa suala lenyewe. Mama Mkubwa alikuwa hajapanda ile ya bluu miezi minane. Mwanamke aliyezunguka na mumewe huku na huko kwa miaka, akijua kila kituo cha mafuta chenye choo kisafi, alianza kushuka akiwa ameshika nyonga ya kulia, na siku moja alishuka akasema imetosha. Sasa binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, mwendo wa saa nne, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mama yake alitakiwa aondoke Jumamosi. Kwenye basi hapandi. Akipanda, hutapika kabla halijatoka stendi.

Baba Mkubwa alikuwa amefikia kusema labda ile ya bluu imezeeka, imekakamaa. Honi naye aliitamani siku nyingi kwa safari zake za kupeleka vipuri, maana inabeba mzigo bila kununa. Wakakubaliana: Ijumaa jioni wabadilishane, yangu kwako na yako kwangu, kama itaonekana kweli nyekundu inabeba watu wawili vizuri zaidi. Kilichobaki kilikuwa kuona, na hapo ndipo ubishi ulipojenga nyumba.

Ndani, kwenye chumba kidogo cha pembeni chenye cherehani na marobota ya sponji, Sindano alikuwa anasikia kila neno. Huyu alikuwa mtoto wa mdogo wake Baba Mkubwa, msichana wa miaka ishirini na moja, fundi wa viti vya pikipiki. Jina la Sindano walimpa mafundi: mwembamba, mkimya, na hupita katikati ya watu wasijue amepita. Alikuwa na jambo lake ambalo hakumwambia mtu. Kiti kilichokuwa juu ya ile ya bluu alikishona yeye. Kilikuwa kiti chake cha kwanza kizima, tangu kuchonga sponji mpaka mshono wa mwisho, na alikifunga pale miezi minane na wiki mbili zilizopita.

Hizo wiki mbili alikuwa amezihesabu mara nyingi. Kiti kipya kikafungwa, wiki mbili baadaye nyonga ya Mama Mkubwa ikamshinda. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kosa ni la kiti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana watu wanaokupenda wakikaa kimya wote kwa pamoja, ujue wameshazungumza. Na kama pikipiki itaondoka Ijumaa, kiti kitaondoka nayo, na yeye hatajua maisha yake yote alikosea wapi.

Jumatano mchana wanaume walikwenda kupima. Kila mmoja alipanda yake. Njia ilikuwa moja: matuta manne ya shuleni, mzunguko, barabara ya soko, kilima cha machimbo ya kokoto kinachojaa malori, daraja, kisha kurudi. Honi alirudi kwanza kwa dakika tatu. Baba Mkubwa alipoingia getini, alimkuta ameshavua helmeti na soda iko nusu.

“Nimekungoja mpaka nimeota ndevu, shemeji.”

“Umenishinda kwenye taa. Wewe umewahi kijani, mimi nikakuta imeshabadilika. Hiyo ni pikipiki au ni bahati?”

“Na kilimani?”

“Kilimani umelipita lori unasali. Mimi nazungumzia pikipiki, sizungumzii dua.”

Mafundi wakagawanyika, nusu huku nusu kule. Mmoja akasema kipimo ni mafuta, mwingine akasema kipimo ni breki, wa tatu akasema kipimo ni uzuri, akaambiwa akafagie. Sindano alitoka na futi yake ya kupimia shingoni, akasimama pembeni mpaka Baba Mkubwa alipomwona.

“Sema, mwanangu.”

“Nani alikaa nyuma?”

“Nyuma ya nani?”

“Mlipokwenda kupima. Nani alikaa nyuma?”

Wanaume wakatazamana. Walikuwa wanatafuta pikipiki itakayomfaa mtu wa nyuma, na wamezunguka kilomita ishirini na mbili, kila mmoja na kiti kitupu nyuma yake kikipunga upepo.

“Basi panda wewe,” Honi akasema. “Ingawa wewe ukikaa nyuma, mtu atasimama njiani kuuliza umeshuka wapi.”

Sindano alikuwa na njia yake. Mteja akitaka kiti, kwanza humkalisha juu ya kipande cha boksi la vipuri. Ile mistari ya ndani ya boksi hulala pale mwili ulipokandamiza, na yeye huisoma hapo kama wengine wanavyosoma gazeti. Akasema, kwa sauti iliyobidi mafundi wazime kompresa ndipo waisikie, kwamba aendeshe mtu mmoja pikipiki zote mbili, siku moja, njia moja, na yeye akae nyuma juu ya boksi. Uzito wake ulikuwa mdogo, hilo alilijua. Atabeba betri kuukuu kwenye begi mgongoni.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba, maana nyumba na gereji zilitazamana, uwanja mmoja.

“Kwa hiyo tofauti yangu na huyu mtoto ni betri moja?” akauliza.

“Mbili, dada,” Honi akasema, akarudi nyuma hatua tatu kwa usalama.

Kesho yake Baba Mkubwa alianza na nyekundu. Sindano alikuwa hajawahi kukaa kwenye pikipiki kama ile. Ilipoondoka getini ilimvuta shingo kwa nyuma, akashika mikono ya pembeni kama mtu anayeshika mlango wa choo usiofungika. Matuta ya shuleni iliyapita kwa ulaini uliomshangaza. Springi zake zilimeza tuta zikalirudisha taratibu. Kwenye barabara ya soko, penye mikokoteni na watu wanaovuka bila kutazama, ilikuwa nyepesi, ikipenya pale ambapo hata baiskeli ingefikiria. Lakini kila breki ilipokamatwa, Sindano aliteleza mbele mpaka betri ikamsukuma mgongoni na helmeti yake ikagonga ya Baba Mkubwa. Ko. Wakarudi. Ko. Kwenye foleni ya mzunguko peke yake walisalimiana vichwa mara sita. Na chini, karibu na kisigino, bomba la moshi lilimchemsha kama limeandikiwa kufanya hivyo.

Kilimani ilipanda bila kujua ni kilima. Baba Mkubwa alicheka kwa raha ndani ya helmeti, na Sindano alisikia kicheko kile kwa tumbo zaidi kuliko kwa masikio, akajua mzee ameipenda.

Walirudi, akabadilisha boksi, wakapanda ya bluu. Ya bluu ilitoka getini kama mtu mzima anayekwenda kazini. Tutani ilikuwa ngumu kidogo. Sokoni ilikuwa pana, ilibidi Baba Mkubwa asubiri mikokoteni miwili ipite. Lakini ikifunga breki ilitulia, helmeti hazikugongana hata mara moja, na kilimani, nyuma ya lori la kokoto, ilipanda polepole bila kubadili sauti, kana kwamba ingeweza kupanda hivyo mpaka wiki ijayo. Sindano alikuwa anaanza kuifurahia ndipo, baada ya daraja, akahisi kitu. Goti lake la kulia lilikuwa limechoka. La kushoto halikuchoka. Akajisogeza. Baada ya muda akajikuta amejisogeza tena, kulekule.

Mezani kwake aliweka yale maboksi mawili chini ya taa. La nyekundu lilikuwa limekandamizwa mbele tu, kushoto na kulia sawa: kiti kile kina mteremko, mtu anateleza. Hilo lilikuwa wazi. La bluu lilimfanya akae chini. Upande wa kushoto mistari ilikuwa imelala kabisa, imekuwa bapa kama karatasi. Upande wa kulia ilikuwa imeguswa tu.

Kwa hiyo ni kweli, akawaza. Nilishona kiti kilicholala upande.

Alisubiri mpaka mafundi wakaenda kula, akaenda kwenye ile ya bluu, akaisimamisha kwa stendi ya katikati na kuweka ubao juu ya kiti cha nyuma, na juu ya ubao akalaza chupa yenye maji nusu. Alitaka kuliona kosa lake kwa macho. Maji yakatulia. Akageuza chupa. Maji yakatulia palepale, sawasawa. Kiti chake kilikuwa kimenyooka kuliko meza aliyokuwa anashonea.

Hapo woga ulimtoka na kitu kingine kikaingia. Kama kiti kimenyooka, nani amemlaza upande?

Alirudi ndani kufikiri, akakaa kwenye kigoda chake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane akahisi alichokuwa amekalia. Sindano hakuwa mtu wa kutupa vitu. Sponji kuukuu la kiti cha bluu, alipolitoa, alilikata sehemu ya nyuma akaifanya mto wa kigoda. Akasimama akautazama. Upande wa kushoto ulikuwa na shimo, refu, laini, la miaka mingi. Akakumbuka vizuri siku ile: alikuwa ameliona shimo, akasema moyoni masikini, limekwisha, akachonga jipya likiwa sawa pande zote, akajisifu kidogo.

Shimo halikujichimba lenyewe. Mwili wa Mama Mkubwa ulilichimba, safari baada ya safari, kwa sababu ulilihitaji. Ulikuwa unakwepa kitu upande wa kulia. Na yeye, kwa ufundi wake wote, alilifukia.

Akarudi kwenye pikipiki na futi. Alipima kutoka sakafuni mpaka kikanyagio cha abiria cha kushoto. Akazunguka, akapima cha kulia. Akarudi kushoto akapima tena, maana hakuyaamini macho yake. Cha kulia kilikuwa juu zaidi kwa vidole vitatu. Akapiga magoti akakitazama kwa karibu: mkono wake wa chuma ulikuwa mfupi, wa pikipiki ndogo kabisa, umechomelewa na kupakwa rangi ya bluu, na rangi yenyewe ilikuwa imeshapauka pamoja na nyingine mpaka zikafanana kama ndugu.

Uchomeleaji ule aliutambua. Mtu mmoja tu pale alimalizia kwa kuzungusha hivyo, kama mtu anayeweka sahihi. Mwenye gereji.

Sasa msichana wa watu utasemaje? Kumwambia mzee aliyekufundisha kushika bisibisi, mbele ya mafundi wake na mbele ya shemeji mwenye mdomo kama ule, kwamba kwa miaka na miaka amembeba mkewe akiwa amekunja mguu mmoja? Sindano alilala nalo. Asubuhi ya Ijumaa Honi alikuwa ameshafika, ameshaanza kuifuta ile ya bluu kwa kitambaa kama mali yake.

“Majibu, Sindano,” Baba Mkubwa akasema. “Ipi?”

“Bado kipimo kimoja, Baba Mkubwa.”

“Kipi tena?”

“Mjomba Honi aendeshe ya bluu.” Akakigusa kiti cha nyuma kwa futi. “Wewe ukae nyuma.”

Gereji nzima iliweka spana chini.

“Mimi? Kwenye pikipiki yangu?”

“Umewahi kukaa nyuma?” Sindano akauliza, na kweli alikuwa anataka kujua.

Baba Mkubwa alitazama juu, akihesabu. Miaka kumi na mitatu. Alikuwa amefungua kila nati ya pikipiki ile, amelala chini yake, ameiota. Nyuma yake hakuwahi kukaa hata dakika moja.

“Shemeji, karibu,” Honi akasema, akivaa helmeti. “Ukiogopa, nikumbatie.”

Walizunguka njia yote. Mama Mkubwa alitoka kutazama, akasimama karibu na Sindano. Waliporudi, Baba Mkubwa alishuka kwa awamu: kwanza mguu wa kushoto, kisha akapumzika, kisha wa kulia akiusaidia kwa mkono. Alitembea hatua nne kama mtu aliyevaa viatu vya watu wawili tofauti. Hakumtazama yeyote. Akazunguka upande wa kulia, akainama, akakishika kile kikanyagio, na kidole chake kikapita juu ya mchomeleo.

“Ile siku ilipoanguka getini,” akasema polepole. “Kilivunjika. Nikaweka hiki kwa muda tu, mpaka nipate chenyewe.”

“Mwaka gani?” Honi akauliza.

“Mwaka tulionunua kompresa.”

“Kompresa ina miaka kumi na moja,” mmoja wa mafundi akasema, akatamani asingesema.

Baba Mkubwa akamgeukia mkewe. “Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikwambia. Mwaka uleule. Nikasema mguu huu unakunjika. Ukasema ni barabara.”

“Barabara ilikuwa mbaya kweli.”

“Miaka kumi na moja, barabara zote, upande wa kulia tu?”

Honi alicheka mpaka akaishika ile nyekundu isimwangushe. Lakini Mama Mkubwa hakuwa anacheka, alikuwa anafikiri. “Ila nilikuwa nimezoea,” akasema. “Nilikuwa na namna yangu ya kukaa. Huu mwaka ndio namna ile imepotea, sijui imekwenda wapi.”

Sindano alijua imekwenda wapi. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akaingia ndani, akatoka na mto wa kigoda chake, akauweka juu ya kiti.

“Imekuja huku,” akasema. “Niliitoa mimi. Kiti kilikuwa na shimo lako, Mama Mkubwa. Nikaona ni ubovu, nikalisawazisha.”

Mama Mkubwa alilitia mkono shimo lile, akalipapasa kama mtu anayekuta sufuria lake kwa jirani. “Kumbe ndilo hili,” akasema. “Na wewe miezi yote hii unanipita uwanjani umeinamisha kichwa, nikadhani umepata mchumba.”

Kazi ilichukua mchana wote. Baba Mkubwa alikata kile kikanyagio mwenyewe, hakumruhusu mtu, akatengeneza mkono mpya wa chuma. Mara tatu alimwita Sindano apime, mara ya kwanza ulipungua, ya pili ulizidi, na mara ya tatu futi iliposema sawa alimwomba apime tena. Kiti hakikuguswa. Saa kumi jioni Mama Mkubwa alijifunga kitenge juu ya suruali, akakaa kwenye kipande cha boksi, akazungushwa matuta, mzunguko, soko, kilima na daraja. Aliporudi alishuka polepole. Wote walitazama mkono wake. Ulikwenda nyongani, kwa mazoea, ukakaa hapo.

“Bado inauma?” Baba Mkubwa akauliza.

“Inauma. Lakini inauma kama kitu cha jana, siyo cha leo.” Akampa Sindano boksi. Sindano aliligeuzia mwangani: mabonde mawili, kushoto na kulia, mapacha.

“Kwa hiyo hatubadilishani,” Honi akasema.

“Yako ni pikipiki nzuri sana, shemeji,” Baba Mkubwa akasema, na alimaanisha. “Kilimani nimeionea wivu. Lakini mgongo wangu na paji la uso la dada yako havitafika salama.”

Jumamosi, jua likiwa bado changa, walifunga masanduku, nepi na nguo za mtoto upande mmoja, spana upande mwingine, maana Baba Mkubwa asingekwenda hata peponi bila spana. Ya bluu ikaondoka. Ilifika getini, mkono wa Mama Mkubwa ukampiga mumewe begani, pikipiki ikasimama. Sindano alishika futi yake kwa mikono miwili.

Mama Mkubwa aligeuka. “Nimesahau miwani,” akasema. “Nitamwonaje mjukuu?”

Mtu akakimbia kuileta, na safari hii hawakusimama tena.

Honi alibaki ameegemea nyekundu yake, kimya, jambo lililowatia mafundi wasiwasi. Mwishowe akaja mpaka mlango wa chumba cha kushonea.

“Sindano. Hii yangu, hapo nyuma, hivi kuna shida kubwa?”

“Nani huwa anakaa nyuma, mjomba?”

Honi akajikuna kidevu. “Wamewahi kukaa wengi,” akasema. “Mara moja moja.”

“Hakuna aliyerudi mara ya pili?”

“Nilidhani ni mimi.”

Sindano alikata kipande kipya cha boksi, akamwekea juu ya kiti cha nyuma cha ile nyekundu. Akamwita fundi mmoja aje kuendesha.

“Panda, mjomba,” akasema. “Usiongee njiani. Sikiliza tu.”